Mashine ya Kuvuta Vumbi la Mbao

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni mkafungua karakana za useremala nyumbani, kule Nakivale au mjini Mbarara, yafikirini haya kabla ya kutoa fedha.

Vumbi la mbao ni la namna mbili. Maranda na unga mzito huanguka upesi, nayo huchafua sakafu tu. Lakini unga mwembamba wa msasa, ambao punje zake hazifiki sehemu moja ya mia ya milimita, huelea hewani muda mrefu na kuingia mapafuni. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililihesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu.

Basi mkifika dukani, msitazame ukubwa wa mota peke yake. Shikeni kitambaa cha mfuko. Kikiwa chepesi, maranda yatabaki ndani, na unga mwembamba utarudi chumbani. Mtakuwa mmenunua ufagio wa bei kubwa. Chagueni chujio lizuialo unga huo. Bomba nalo liwe fupi na pana, maana bomba refu jembamba hupunguza nguvu ya kuvuta.

Na asiye na umeme je? Apige msasa nje, upepo ukipita ubavuni; anyunyize maji kabla ya kufagia; na panapowezekana atumie randa ya mkono, ambayo hutoa maranda kuliko unga. Mashine hupata vipuri, mapafu hayana.