Bomba Gani Litadumu Kwenye Shamba la Msituni?

Una shamba Lushoto, Mufindi au Njombe, pembeni ya msitu, na chemchemi iko juu ya nyumba. Una bahati: maji yatashuka yenyewe kwa mserereko, bila pampu wala bili ya umeme. Kazi iliyobaki ni kuchagua bomba ambalo halitakurudisha dukani kila masika.

Kabla ya kununua chochote, malizana na ruhusa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, chemchemi kuwa shambani mwako hakuifanyi kuwa mali yako, na anayetaka kuyachepusha maji kwa bomba huomba kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde. Mtu wa Lushoto yuko Bonde la Pangani, ambalo ofisi yake kuu iko Moshi. Wa bonde la Rufiji huenda Iringa. Anzia kwa mtendaji wa kijiji, akuelekeze. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Chemchemi ikiwa ndani ya hifadhi ya msitu, utahitaji idhini ya wenye hifadhi pia.

Sasa bomba lenyewe. Dukani utaonyeshwa aina tatu. La chuma lililopakwa zinki linahimili kugongwa na moto, lakini ni zito, ni ghali, na maji ya milima yenye mvua nyingi, ambayo mara nyingi yana asidi kidogo, hulila taratibu kwa ndani. La PVC ni rahisi kuunga kwa gundi, ila likikaa juani linakuwa kavu na kupasuka, na kila mita chache lina kiungo. La tatu ni la poli, lile jeusi linalouzwa kwa roli, ambalo limeandikwa HDPE. Linapinda kufuata kilima, halipati kutu, na weusi wake hulikinga na jua. Kwa shamba la msituni, chagua poli. Chuma kiweke pale tu bomba linapovuka korongo au linapotokeza juu ya ardhi.

Lakini poli nayo ina unene tofauti, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kila mita 10 za mteremko wa wima huongeza presha ya takribani baa 1. Namba ya PN iliyoandikwa kwenye bomba ndiyo kiwango cha baa linachostahimili: PN 6 ni mita 60 za wima, PN 10 ni mita 100, PN 16 ni mita 160. Presha huwa kubwa zaidi koki ikiwa imefungwa, usiku watu wamelala. Kwa hiyo hesabu kimo chote, kuanzia chemchemi hadi koki ya chini kabisa. Usitegemee simu, maana hukosea kwa mita nyingi. Mwite fundi mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa, mshuke naye hatua kwa hatua mkiandika. Mkipata mita 85, sehemu ya juu inaweza kuwa PN 6, lakini chini weka PN 10. Kimo kikizidi sana, jenga katikati ya mteremko tangi dogo lililo wazi kwa hewa. Maji yakitulia humo, presha inaanza upya kutoka sifuri.

Utajuaje kama hujauziwa bomba jembamba lenye maandishi ya uongo? Tafuta alama ya TBS na maandishi ISO 4427, kisha omba mizani. Roli la mita 100 la milimita 32, PN 10 ya daraja la PE100, lina ukuta usiopungua milimita 2 na uzito wa takribani kilo 18 hadi 19. Likisoma kilo 13, liache hapo hapo. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

Kuhusu upana, usibane matumizi. Kwenye mteremko wa mita 2 kwa kila mita 100, bomba la milimita 32 linatoa karibu lita 23 kwa dakika. La milimita 25 linatoa kama nusu ya hizo.

Chimba mtaro wa sentimita 60 walau, na mita moja pale gari linapopita. Bomba lililoachwa juu ya majani litaungua moto wa kiangazi ukipita, na panya, nungu na nyani hulitafuna. Ondoa mawe, tandika udongo laini, kisha lilaze kwa kujipindapinda, kwa sababu poli hurefuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Pita mbali na mikaratusi: mizizi yake hufuata kila kiungo kinachovuja.

Viungo ndivyo vinavyovuja kwanza. Usifunge kwa mpira wa baiskeli na waya. Nunua viungio vya kubana, kata ncha ya bomba iwe sawa kabisa, ichonge kuondoa makali, ipake maji ya sabuni, kisha isukume hadi ipite pete ya mpira iliyo ndani. Fungulia maji, acha viungo bila kufukiwa kwa siku nzima, uvitazame.

Gharama haina bei moja, maana malighafi ya poli huagizwa nje na bei hubadilika. Uliza bei kwa mita katika maduka matatu, jumlisha usafiri na uchimbaji, na usishangae uchimbaji ukikaribia bei ya bomba. Fedha zikipungua, ahirisha tangi kubwa la nyumbani. Bomba nene la sehemu ya chini usiliahirishe.