Msaada, Mkopo au Fidia? Msamiati wa Mabadiliko ya Tabianchi na Haki ya Nchi Maskini

Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno matatu yanayotumiwa kurejelea fedha zinazopewa nchi maskini baada ya majanga ya tabianchi: msaada, mkopo na fidia. Hoja kuu ni kwamba maneno haya si visawe. Kila neno hubeba msimamo kuhusu nani ametenda, nani ameumia na nani anawajibika. Mifano miwili, wa Msumbiji na wa kaskazini mwa Kenya, itatangulia. Kisha msamiati wenyewe utajadiliwa.

Athari zisizolingana

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, Kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira, nchini Msumbiji. Zaidi ya watu 1,000 walifariki katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na mashamba yaliyokaribia kuvunwa yakafunikwa na maji. Majuma sita baadaye, Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo. Ni kweli kwamba vimbunga vilikuwapo tangu jadi. Hata hivyo, kina cha bahari kilichoongezeka huyapa mawimbi ya dhoruba nguvu ya kufika mbali zaidi katika mji wa nyanda za chini kama Beira. Aidha, hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na mvuke huo hushuka kama mvua kubwa.

Mwezi wa Aprili 2019, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Msumbiji takriban dola milioni 118. Fedha hizo hazikuwa na riba, lakini zilikuwa mkopo. Nchi iliyokuwa tayari imelemewa na madeni ilikopa ili ijijenge upya baada ya janga.

Mfano wa pili ni wa Pembe ya Afrika. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha vya kutosha. Katika Kenya pekee, zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa. Uchunguzi wa wanasayansi wa World Weather Attribution uliotolewa mwaka 2023 ulibainisha kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa aina hiyo angalau mara 100. Kwa mfugaji wa Marsabit au Wajir, ng'ombe ni chakula, akiba, mahari na karo ya mtoto. Mifugo wanapokufa, yote hayo hupotea kwa pamoja, na mara nyingi hakuna bima.

Bara la Afrika lina karibu sehemu moja ya tano ya watu wote duniani, lakini huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya kaboni inayotolewa kila mwaka. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya kaboni yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu mapinduzi ya viwanda.

Sarufi inayomficha mtenda

Neno "tabianchi" limeundwa kutokana na "tabia" na "nchi". Neno hili linafaa kwa kuwa linatofautisha mwenendo wa miaka mingi na hali ya hewa ya siku moja. Hata hivyo, nomino "mabadiliko" inatokana na kitenzi "badilika", ambacho kimo katika kauli ya kutendeka. Kauli hii humtaja anayepatwa na tendo na kumwacha mtenda nje ya sentensi. Tabia ya nchi imebadilika, aliyeibadilisha hatajwi. Msikilizaji anaweza hata kudhani kwamba nchi iliyokauka ndiyo yenye tabia mbovu.

Uteuzi wa jina la fedha huendeleza ufiche huo. "Msaada" hutokana na huruma: mtoaji anaweza kutoa au kunyima, na mpokeaji hushukuru. "Mkopo" humfanya aliyeumia kuwa mdeni. "Fidia" ndiyo pekee inayodokeza kwamba kuna aliyesababisha hasara na anayepaswa kuilipa. Dhana hii si ngeni Afrika Mashariki: jamii nyingi zilikuwa na utaratibu wa kulipa dia au mifugo kwa ukoo uliodhulumiwa, na malipo hayo hayakuitwa hisani.

Mvutano wa kimataifa

Mataifa tajiri yanaujua uzito wa neno hili. Mkataba wa mwaka 1992 kuhusu tabianchi ulikubali kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani. Lakini uamuzi ulioandamana na Mkataba wa Paris wa 2015 ulieleza wazi kwamba kipengele cha hasara na uharibifu si msingi wa madai ya fidia. Mfuko wa kushughulikia hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023. Michango yake ni ya hiari. Kwa hivyo, kisarufi na kisheria, umebaki karibu na "msaada".

Tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya kisheria yaliyoombwa kwa juhudi za Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa. Ilieleza kwamba mataifa yana wajibu wa kulinda tabianchi, na kwamba kuuvunja kunaweza kuleta dai la fidia iwapo uhusiano wa tendo na madhara utathibitishwa. Ingawa maoni hayo hayashurutishi, yamelirejesha neno "fidia" mezani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukosefu wa usawa haumo katika mvua na joto tu, bali pia katika lugha. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini pia walisema, dawa ya deni ni kulipa. Mfasiri, mtangazaji na mwalimu wa Kiswahili hawana budi kupima neno kabla ya kulitumia. Anayeandika "msaada" mahali pa "fidia" huwa ameamua kesi kabla ya mfugaji wa Wajir kusikilizwa.