Hekaya za Mayunani Katika Buruji, na Njia ya Kuijua Nafsi

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyota akazifanya pambo la mbingu na uongozi wa wasafiri wa bara na bahari; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika somo hili twakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, namna hekaya za Mayunani zilivyoingia katika elimu ya nyota, pili, maana ambazo watu wamezitia hekaya hizo ili wazifanye kioo cha kujitazamia, tatu, njia aliyofunzwa Mwislamu ya kuijua nafsi yake. Wala jambo hili si la mbali nasi. Zipo posa katika miji yetu ya pwani zinazorudishwa kwa sababu mwenye kuhesabu amejumlisha herufi za jina la kijana na la mamake, akagawa kwa 12, kisha akatoa hukumu kwamba nyota ya mume ni ya moto na ya mke ni ya maji, hawatapatana. Na vijana wasomi wanaomcheka mzee huyo, wao nao husoma katika simu zao kwamba aliyezaliwa katika buruji ya Akarabu ni msiri na mwenye wivu, nao husadiki. Hii ni nyumba moja yenye milango miwili.

1. Asili ya mambo haya

Walioigawa njia ya jua mafungu 12 yaliyo sawa walikuwa watu wa Babeli, yapata karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Watu hao waliabudu nyota. Zuhura kwao ilikuwa nyota ya Ishtar, mungu mke wa mapenzi, na Mirihi ilikuwa ya Nergal, mungu wa vita na mauti. Mayunani walipoipokea elimu hiyo waliyabadili majina tu: Ishtar akawa Aphrodite, Nergal akawa Ares, na Mushtari wakampa Zeus, mkubwa wa miungu yao.

Katika karne ya pili baada ya Nabii Isa, Ptolemy wa Iskandaria, ambaye Waarabu wamwita Batlimus, aliandika kitabu kimoja cha hesabu za mwendo wa nyota na kingine cha hukumu za nyota juu ya watu. Vyote viwili vikafasiriwa kwa Kiarabu. Kutokana na kile cha kwanza Waislamu walijenga elimu tukufu ya falaki, wakaisahihisha na kuizidisha; Ibn Shatir, mmoja wa mabingwa wake katika karne ya 14, alikuwa mwenye kutunza nyakati za sala katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus. Kutokana na kile cha pili vilitoka vitabu vya utabiri, na mashuhuri wa watu wake ni Abu Maashar wa Balkh, aliyekufa mwaka 886, ambaye jina lake lingali limeandikwa juu ya vitabu vya kutolea nyota hata hivi leo.

Basi yatupasa tutenganishe. Hesabu ya mwandamo wa mwezi, ya kibla na ya kupatwa kwa jua ni elimu ya haki. Kuhukumu riziki, ndoa na tabia ya mtu kwa nyota ni jambo jingine, na wanavyuoni wetu walilibatilisha zamani: Ibn Sina aliliandikia risala, Ibn al-Qayyim akalijibu kwa urefu, na Ibn Khaldun akalitilia mlango wake katika Mukaddima.

2. Hekaya na maana zilizotiwa

Mayunani walisimulia kwamba Kronos, ambaye nyota yake ni Zuhali, aliambiwa kuwa mmoja katika wanawe atamnyang'anya ufalme. Kwa hofu akawa akiwameza kila wanapozaliwa, mpaka Zeus akafichwa na mamake, akakua, akampindua. Wakasimulia kwamba Hamali ni yule kondoo wa manyoya ya dhahabu aliyemwokoa kijana Phrixus asichinjwe. Na Jauza, wale mapacha, ni Castor na Pollux, mmoja mwenye kufa na mwenziwe asiyekufa, wasiokubali kutengana hata kwa mauti.

Katika karne ya 20 wakatokea watu waliosema: sisi hatutabiri yatakayotokea, twazisoma hekaya hizi kama picha za mambo yaliyo ndani ya nafsi. Mwanzo wa fikira hizi ni tabibu wa Uswisi, Carl Jung, aliyekufa mwaka 1961, aliyefundisha kwamba hekaya za mataifa hutoka katika chungu kimoja kilichofichika cha nafsi za wanadamu. Dane Rudhyar akazitia katika kitabu cha nyota mwaka 1936, na Liz Greene mwaka 1976 akaandika kitabu kizima juu ya Zuhali, akisema kwamba nyota hiyo ni mfano wa hofu na mipaka ya mtu, na kwamba anayeikabili hukomaa.

Hatuna budi kusema haki. Hekaya ya Kronos ina mafunzo. Baba anayeogopa kupitwa na wanawe, akawazima akili zao na kuwanyima elimu na madaraka, huyo amewameza wangali hai; na akina baba wa namna hiyo hata kwetu wapo. Mwenye akili huokota hikima popote aionapo. Kosa si kusoma hekaya wala kuzingatia mfano. Kosa ni kuitundika hekaya juu ya saa ya kuzaliwa mtu, kisha kumwambia: huyu ndiye wewe.

3. Hoja za kuyabatilisha

Hoja ya kwanza ni majina. Mwaka 1781 William Herschel aligundua huko Uingereza sayari ambayo watu wa kale hawakuijua, akataka kuiita nyota ya Mfalme George. Wengine hawakuridhika, na baadaye likashika jina la Uranus, babake Kronos. Na mwaka 1930 ilipogunduliwa Pluto, jina hilo la mungu wa kuzimu lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa mji wa Oxford. Mara watabiri wakasema: hii ni nyota ya mauti na mageuzi ya nafsi. Je, maana hiyo ilitoka mbinguni, au ilitoka katika kinywa cha mtoto yule? Na lau Herschel angalikubaliwa, watu wa leo wangalifundishwa siri gani za nafsi kutokana na nyota ya Mfalme George?

Hoja ya pili ni mwendo wa mbingu wenyewe. Mihimili ya dunia huzunguka polepole, kadiri ya daraja moja kwa miaka 72, na jambo hili lilijulikana tangu Hipparchus, karne ya pili kabla ya Nabii Isa. Kwa hiyo anayezaliwa leo tarehe 1 Aprili huambiwa yeye ni Hamali, na hali jua siku hiyo limo katika nyota za Hutu. Wakijibu kwamba wao wahesabu misimu wala si nyota, basi yule kondoo na hekaya yake vimebakiwa na kazi gani?

Hoja ya tatu ni Ras al-Ghul, kichwa cha zimwi. Mayunani walisema kwamba hicho ni kichwa cha Medusa alichokatwa na Perseus, na Abdul-Rahman al-Sufi alimchora shujaa huyo na kichwa mkononi katika kitabu chake cha mwaka 964. Watabiri waliihesabu kuwa nyota ya nuhusi kupita zote. Nyota hiyo hufifia kisha ikarejea, kila baada ya siku 2 na saa kama 21. Mwaka 1783 kijana wa Kiingereza aliyekuwa kiziwi, John Goodricke, alieleza kwamba huenda kuna kitu kinachoizunguka na kuifunika. Na baadaye ikathibitika kuwa ni nyota mwenzake. Hakuna zimwi wala nuhusi: ni kupatwa tu, kama jua linavyopatwa.

Labda msomaji atasema: mbona niliyosomewa yalinielekea barabara? Jawabu lake ni hili. Mwaka 1948 mwalimu wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa karatasi ya maneno yale yale, mengi yake yametolewa katika kitabu cha nyota.

4. Kuijua nafsi

Katika hekalu la Delphi Mayunani waliandika amri ya mtu kujijua. Kwetu nako kumeenea neno kwamba aliyeijua nafsi yake amemjua Mola wake; watu hulidhani ni hadithi, lakini Imamu Nawawi alisema halikuthibiti kwa Mtume. Lililothibiti ni la Kurani, katika Suratul-Hashri, linalotuonya tusiwe kama waliomsahau Mungu, naye akawasahaulisha nafsi zao. Basi mlango wa kujijua ni kumkumbuka Aliyetuumba, na kazi yake ni kujihesabu kila siku: nimesema nini, nimemdhulumu nani, nimeacha nini?

Madhara makubwa ya buruji ni udhuru. Mtu mkali husema: mimi nyota yangu ni ya moto. Lakini mtu mmoja alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akataka wasia, alimkataza hasira, akamrudia neno hilo mara kadhaa; wala hakumwuliza alizaliwa mwezi gani. Na Ibrahimu mwanawe alipofariki, jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule, Mtume alilikanusha hapo hapo, akafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Ikiwa mbingu haikufungamana na mwana wa Mtume, itafungamana na posa ya nani?

Basi, enyi wazazi, mkijiwa na mposaji ulizeni dini yake, tabia yake, na anavyowatendea walio chini yake. Kisha takeni shauri na mswali istikhara. Msimnyime binti mume mwema kwa hesabu iliyoanzia katika mahekalu ya Babeli.

Maswali ya kuzungumza darasani: Ni ipi tofauti ya falaki na utabiri? Ni tabia gani yako uliyoisingizia nyota, na ungeanzaje kuirekebisha?

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.