Somo: Kuhudhuria Mkutano wa Ng'ambo Bila Kuondoka Kyela

Tarehe 1 hadi 3 Desemba, 2021 Mkutano Mkuu wa 33 wa vyama vya ushirika duniani ulifanyika Seoul, Korea ya Kusini. Baadhi ya wajumbe walikuwa ukumbini, na wengine walishiriki kwa mtandao. Utaratibu huo wawafaa wakulima wa kakao wa Ipinda na Matema. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yataka shamba ilikotoka kakao lijulikane mahali lilipo, na lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Mambo kama hayo yakijadiliwa Brussels, mwenye kakao chini ya migomba yake anastahili kusikia na kuuliza.

Kosa la kwanza huwa la saa. Barua isemayo 10:00 ya Brussels si saa kumi. Majira ya baridi ni saa 6 mchana kwetu; majira ya joto ni saa 5 asubuhi, kwa kuwa Ulaya husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Seoul ina kichekesho chake: iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo 9:00 ya huko ni saa 9 kwetu kweli, lakini ni saa 9 ya usiku. Katibu aandike katika tangazo saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku, bila kusahau tarehe.

Kwa walio karibu na mto Songwe kuna mtego mwingine. Simu ikishika mnara wa Malawi hurudi nyuma saa nzima, na gharama zaweza kupanda. Saa ya ukutani iliyolinganishwa na taarifa ya habari ya redio ndiyo ifuatwe.

Kituo kiwe kimoja kwa vyama kadhaa, penye umeme na betri ya akiba, maana mvua za Aprili hazina simile. Simu au kompyuta moja yatosha, pamoja na kipaza sauti na mtu wa kufasiri. Maswali yakubaliwe siku moja kabla na kuandikwa. Wanachama thelathini wakianza kubishana wakati mwenyekiti wa Ulaya anangoja, zamu hupita. Hotuba za ufunguzi zaweza kuachwa bila hasara kubwa.

Mkutano wa usiku wa manane usiwakusanye wote. Ikiwa ni wa kusikiliza tu, sauti inaswe na isikilizwe kesho yake. Ikiwa kuna kura, kamati impe mjumbe mmoja idhini ya maandishi, ikitaja aliloagizwa kukubali na aliloagizwa kukataa. Mjumbe akiwa mwanamke kutoka kijiji cha mbali, alipiwe malazi karibu na kituo; asiachwe atafute bodaboda saa 11 alfajiri. Gharama hiyo iingizwe katika makisio mapema, kabla ya mtambo wowote kununuliwa.