Injini ya Kufyekea Majani kwenye Ndege ya Rimoti

Swali: Naunda ndege ya rimoti: mabawa mita 2.2, kilo 8. Kariakoo nimeona injini ya mashine ya kufyekea majani, cc 52. Itafaa? – Msomaji, Mchikichini

Jibu: Nguvu inayo, tatizo uzito. Injini ya DLE 55, iliyoundwa kwa ndege kama yako, ina takriban kilo 1.5. Hiyo ya kufyekea huizidi mbali, na pua ikilemea utaishia kupachika risasi mkiani. Ukiing'ang'ania (bei inashawishi, najua), vua klachi, mpe fundi wa leti akuchongee kitako cha pangaboi. Kisha funga mkia kwenye nguzo kwa mizani ya ndoano, fungulia mafuta yote. Isiposoma angalau kilo 5, usirushe. Wala usirushie hapo mtaani penye nyaya; kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kiombe mapema.