Dondoo muhimu: Dakika 30 za darasa la kwanza

Chagua jambo moja tu, mathalani kujumlisha hadi 10. Anza na vizibo vya soda, ubao usubiri. Kila watoto wawili wapate vizibo 10, wavigawe mafungu mawili wapendavyo, kisha waseme walichopata: 7 na 3, 6 na 4. Hapo ndipo uandike, kwa maneno yao. Vizibo vihesabiwe na kufungwa kwenye vifuko kabla ya kengele, maana ugomvi wa vizibo humeza nusu ya kipindi. Wakianza kusinzia, wasimame wahesabu kwa makofi. Wimbo mmoja watosha. Dakika tano za mwisho pita madawatini uwaulize wachache, hasa wale wakimya wa nyuma. Madaftari utasahihisha baadaye.