Daftari la Silaha na Kazi ya Polisi
Kila bunduki itokayo kiwandani hupigwa chapa ya namba yake. Katika jimbo la California, nchini Marekani, muuzaji hupeleka namba hiyo pamoja na jina la mnunuzi kwa Idara ya Sheria ya jimbo. Polisi aokotapo bastola huuliza kwa namba. Aitwapo kwenye nyumba yenye ugomvi huuliza kwa jina. Tangu mwaka 2006 kompyuta hulinganisha pia majina ya wenye silaha na orodha ya watu waliokatazwa na sheria kuzimiliki. Hata hivyo, kumbukumbu za mauzo ya kawaida ya bunduki za mtutu mrefu zilianza kuhifadhiwa mwaka 2014 tu. Kwa hiyo, polisi asiyekuta jina daftarini asidhani kwamba nyumbani hamna silaha.